Fundo kwenye Mfupa wa Gaju

Wenceslas alikuwa na dharau ya kuwatosha watu wote wa Kamembe, na nyingine ikabaki ya kuvusha darajani mpaka Bukavu. Aliwadharau wanaonunua nyama bila mfupa, akawadharau wanaonunua mfupa bila nyama. Aliwadharau wauza samaki kwa sababu samaki hana mfupa, ana sindano. Hata ng'ombe hawakusalimika: akimwona mmoja anapita barabarani, alimpasua kwa macho, bega huku, paja kule, kisha akasema kwa sauti kwamba mwenye ng'ombe hajui alichonacho.

Kipaji alikuwa nacho, hilo tusimnyime. Miaka arobaini ya bucha si mchezo. Alianza utotoni Kadutu, kule Bukavu upande wa Kongo, kwenye bucha ya baba yake, wakati familia bado iko ng'ambo. Waliporudi Rwanda alirudi na visu vitatu na shoka moja, akasema mengine yote yatapatikana. Alikuwa na uwezo wa kutenganisha goti la ng'ombe kwa ncha ya kisu bila kukwaruza mfupa, huku anaongea na mteja na kumtukana kidogo. Alijua kwamba vichwa vya mifupa, kule kwenye maungio, ndani vina matundu matundu kama mkate, na kwamba humo ndimo supu tamu inamotoka. Alijua kwamba katikati mfupa ni bomba gumu lililojaa uboho, mwekundu kwa ndama, wa njano kwa ng'ombe mzee. Tena alijua kwamba mguu wa ndama ukiugonga mwishoni, kichwa cha mfupa kinabanduka kama kifuniko, na mguu wa ng'ombe mzee ukiupiga hata kwa shoka hakibanduki. Kwa kifuniko hicho aliwaumbua wachuuzi wengi waliomletea kizee cha ng'ombe wakaapa kwamba ni kijana.

Kwa nini kifuniko kiwepo kwa ndama na kisiwepo kwa mzee, hakuwahi kujiuliza. Kujiuliza ni kazi ya wasiojua.

"Mufupa ni jiwe," aliwaambia wateja kwa Kiswahili chake cha Bukavu, ambamo ndiyo husemwa njo, akigonga meza kwa mgongo wa kisu. "Mungu aliweka jiwe ndani ya nyama ili nyama isianguke. Njo yote. Nyama njo inaishi. Mufupa iko pale tu, inangojea supu."

Kitu kimoja tu kilimuudhi kwenye mifupa, nacho ni mafundo. Mara mojamoja, kwenye ubavu au kwenye mguu, alikuta mfupa umevimba mahali pamoja, umejaa, hauna sura. Hilo aliliita uchafu. Alilikata, akafyonya, akalitupia mbwa, na mteja akiuliza lile ni nini alijibiwa kwamba hata mbuga nzuri huwa na kichuguu. Mteja alicheka, kazi ikaendelea.

Basi mtu huyo alikuwa na dada yake mdogo, Emerance, mjane aliyeishi Mururu, mlimani. Mume wa Emerance alipofariki, rafiki wa mumewe, Mzee Munyemana wa Nkungu, alimletea mjane yule ng'ombe mwenye mimba. Hakumwuzia wala hakumkopesha. Alimpa. Na ng'ombe wa kupewa namna ile ana adabu yake, ambayo kila mtu huku anaijua: mtamba wa kwanza anayezaliwa hurudi kwa aliyetoa. Tendo hilo huitwa kwitura. Huwezi kwenda sokoni ukachagua mtamba mwingine mnono ukampelekea, kwa sababu anayerudi lazima awe mtoto wa ng'ombe yule yule. Akirudi, nyumba mbili zimekuwa ndugu. Asiporudi, hakuna atakayekushtaki popote. Watu wataendelea kukusalimia vizuri tu, ila ukishapita watasema huyu ndiye yule aliyekula ng'ombe wa mwenzake.

Ng'ombe wa Munyemana alizaa mtamba, rangi ya udongo, Emerance akamwita Gaju. Mwezi wa nne mama mtu alivimba tumbo kwa majani mabichi, akafa. Gaju akalelewa kwa chupa kama mtoto wa mtu. Kwa hiyo katika dunia nzima kitu cha kumrudishia Munyemana kilikuwa kimoja, kina miguu minne na pua yenye unyevu, na siku ya kumpeleka ilikwisha pangwa: Jumapili ya mwisho ya Novemba.

Mwanzoni mwa Oktoba Gaju, akiwa na miezi minane, aliteleza kwenye ukingo wa tuta. Mguu wa mbele wa kulia uliingia mtaroni, mwili ukaangukia upande mwingine. Emerance alisikia mlio akiwa jikoni. Mfupa mrefu wa chini ya goti ulikatika katikati, ngozi haikuchanika, na ukwato ukawa unaning'inia.

Alipiga simu mbili, moja kwa kaka yake, moja kwa Mutoni, daktari wa mifugo wa ofisi ya sekta. Mutoni alikuwa na miaka ishirini na saba, na alifika kwanza, kwa pikipiki, na begi lake mgongoni. Wenceslas alipofika alimkuta binti amepiga magoti kwenye samadi, amekwisha kuunyoosha mguu na anauzungushia bendeji za chokaa zilizochovywa majini, zile ambazo zikikauka zinakuwa ngumu kama ukuta. Hospitali wanaziita platri.

"Eh, leo ngombe banazivalisha soksi," alisema Wenceslas.

"Habari, Papa," alisema Mutoni bila kuinua kichwa. "Unisaidie kushika hapa."

Wenceslas hakushika. Alikunja mikono. "Binti, ile muguu imekufa. Mimi ninakata miguu toka mama yako hajaolewa. Mufupa ikivunjika imevunjika. Umeona wapi jiwe inaungana?"

"Haiko jiwe, Papa. Mufupa iko muzima. Iko na damu yake, iko na mishipa yake. Kila siku inajibomoa kidogo na kujijenga tena. Ile kifuniko unaonaka kwa ndama, pale kwenye kichwa ya mufupa, unajua iko inafanya nini?"

"Inanionyesha kama muchuuzi anadanganya."

"Pale njo mufupa inarefukia. Iko laini kwanza, sawa pua yako, kisha inakauka inakuwa mufupa, na ingine laini inakuja juu yake. Ngombe akikomaa inafunga. Huyu wetu bado. Wakati mufupa iko inarefuka, na kuungana inaungana mbio. Tena ilivunjika katikati, mbali na kifuniko, ni bahati. Pale ilipovunjika, kwanza damu inaganda. Kisha inakuja kitu laini, kisha ile kitu laini inaanza..."

"Inaanza kuimba!" alisema Wenceslas, akacheka kwa sauti mpaka kuku wakatawanyika. "Emerance, umesikia? Mufupa inazaa, inalaini, inagumu. Walimu bao bamekula karo ya bazazi."

Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya maelezo hakuisikia, na hiyo ndiyo pekee ingemfaa.

Emerance hakucheka. "Yaya," alisema, kwa maana ndivyo alivyomwita kaka yake tangu Bukavu, "uchinje huyu, nitamupelekea Mzee Munyemana nini?"

"Utamupelekea aibu yenye miguu tatu?"

"Nitangoja siku zenye binti anasema."

Siku hizo zilikuwa arobaini na mbili. Mutoni alitoa kalamu nene, akaandika tarehe ya kufungua juu ya platri yenyewe, 21 Novemba, ili asiwepo wa kuisahau. Wenceslas aliisoma tarehe ile, akatema mate pembeni, akarudi zake Kamembe. Mwezi mzima alikuwa na hadithi ya kuwachekesha wateja: ng'ombe wa dada yake aliyeandikwa tarehe ya kuisha kama kopo la maziwa.

Novemba ilipofika mvua zilikuwa zinanyesha kwa hasira. Siku ya thelathini na mbili, Jumatano, Emerance alipata habari kwamba mama yao mdogo amefariki Bukavu. Alivuka siku ileile. Gaju alimwachia jirani, bibi Nyirabagenzi, amkatie majani na kumpa maji, na kaka yake, aliyekataa kufunga bucha kwa ajili ya msiba, Emerance alimwomba apite mara moja kuangalia. Kuangalia tu ndilo neno alilotumia, na Wenceslas alilisikia vizuri.

Alipita Alhamisi mchana. Alikuwa amekuja na kisu, lakini hilo si ajabu, hata kanisani alikwenda nacho. Mvua ilikuwa imeingia zizini usiku kucha, na Gaju alikuwa amelala kwenye matope, mguu wenye platri umenyooshwa mbele. Platri ilikuwa imelowa nje, imekuwa rangi ya mkojo, na harufu ilikuwa nzito. Wenceslas alimsukuma kwa kiatu. Gaju alimwangalia tu, akaendelea kucheua.

"Imeoza," alisema Wenceslas.

"Alisimama asubuhi, Papa," alisema Nyirabagenzi, ameshika mganda wa majani. "Alikula. Na ule muguu anaukanyaga, nilimuona. Ile harufu ni mukojo na matope."

"Maman, wewe unajua mihogo?"

"Ninajua."

"Basi baki kwa mihogo. Harufu ya kuoza, batu banakuja kuniuliza mimi."

Nyirabagenzi alikuwa na miaka sabini, na aliwahi kufuga ng'ombe wengi kuliko vidole vya Wenceslas, lakini mtu akisemeshwa hivyo mbele ya zizi lisilo lake hurudi kwenye majani yake. Wenceslas alimpigia dada yake simu. Mazishi yalikuwa yanaendelea, simu ikaita mpaka ikakatika. Alipiga mara moja tu. Kwa Mutoni hakupiga kabisa, na ukimuuliza leo atakwambia hakuwa na namba, ingawa namba ilikuwa imeandikwa palepale kwenye platri, chini ya tarehe.

Alipomfunga kamba shingoni ili amtoe, Gaju alisimama. Alisimama mwenyewe, kwa miguu yote minne, akatembea hatua sita au saba mpaka chini ya mparachichi, platri ikigonga ardhi tok, tok. Nyirabagenzi alisema, "Unaona?" Wenceslas alisema hizo ni nguvu za mwisho, wanyama wote huwa nazo. Kisha akafanya anachokijua, na alikifanya vizuri, haraka, bila mateso. Katika hilo hakuna wa kumlaumu.

Nyama aliigawa kwa majirani. Kupeleka sokoni hakuthubutu. Mguu wenye platri aliuacha mwisho, maana alitaka kumwonyesha bibi kizee kuoza kunavyokuwa, na sauti yake ilikuwa imekwisha kuwa ya mwalimu.

"Kuja, Maman. Kuja ujifunze."

Alipasua platri kwa shoka, akipita katikati ya tarehe. Nje ilikuwa matope. Ndani ilikuwa kavu. Pamba ilikuwa nyeupe, na manyoya ya mguu yamelala chini yake, yamebanwa, yananuka kama nguo iliyokaa sandukuni. Alichuna ngozi. Nyama ilikuwa imekonda, lakini nyekundu. Alikwangua nyama, na mikono yake ikasimama.

Katikati ya mfupa kulikuwa na fundo.

Lilikuwa nene kama ngumi ya mtoto, limeuzunguka mfupa pande zote, gumu, jeupe lenye wekundu, na juu yake vitone vya damu vidogo vidogo vinatoka kila mahali kisu kilipopita. Nyirabagenzi alikuwa anakuja, anapangusa mikono kwenye kitenge. Wenceslas alivuta ngozi akafunika mguu.

"Rudia pale, Maman. Harufu mubaya. Utagonjwa."

Bibi alisimama, akamwangalia, kisha akageuka.

Alipobaki peke yake aliushika mfupa ncha mbili akaukunja kwa goti. Haukucheza. Akaweka goti palepale kwenye fundo, akavuta kwa nguvu zote za mtu aliyebeba mapaja ya ng'ombe miaka arobaini. Haukucheza hata kidogo. Aliugonga mwishoni, na kile kifuniko kikabanduka kama kawaida, na chini yake akaona kitu ambacho macho yake yalikipita siku zote: utepe laini, wenye maji, mwekundu kwa mbali, mfupa mpya unaanzia hapo. Gaju alikuwa bado anakua. Alivunjika, akajiunga, na huku anaendelea kurefuka.

Kisha yakamjia mafundo yote. Ya mbavuni, ya miguuni, ya mkiani. Kila fundo alilolikata akafyonya na kulitupia mbwa lilikuwa ng'ombe aliyeanguka mahali fulani, akavunjika, akapona. Wangapi? Mia? Walipona bila platri, bila daktari, bila kumuuliza Wenceslas. Alikuwa ameshika ushahidi mkononi miaka arobaini, na alichofanya nao ni kuukata usiharibu sura ya supu.

Mtu mwingine angelia. Wenceslas aliangalia kama kuna aliyemwona.

Mfupa aliufunga kwenye gunia la chumvi. Jioni Emerance alipopiga simu kutoka Bukavu, alimwambia kwamba mguu ulikuwa umeoza mpaka ndani, kwamba mnyama aliteseka, kwamba alifanya ambalo kaka anapaswa kufanya. Emerance alilia. Aliposhusha pumzi alisema, "Asante, Yaya. Angekufa peke yake na mimi siko. Mungu akubariki."

Wenceslas alisema haina shida, akakata simu, akalala na viatu.

Mutoni alikuja bucha siku ya pili, saa za wateja wengi, na alikosea kuchagua saa hiyo. Aliomba kuuona mguu.

"Nimeutupia imbwa," alisema Wenceslas.

"Ulikuwa umeoza rangi gani, Papa?"

"Rangi ya kuoza!" Wateja walicheka, na kicheko chao kikampa nguvu. "Binti, rudia kwa bitabu byako. Pale bameandika kama mufupa iko laini sawa pua. Hapa tuko na mashoka."

Mutoni alimwangalia kidogo zaidi ya adabu inavyoruhusu. "Sawa, Papa," alisema, akaondoka. Gunia la chumvi lilikuwa chini ya meza, nusu hatua kutoka pale binti alipokuwa amesimama.

Ndipo habari ilipoanza kutembea, na habari mbaya haihitaji pikipiki. Kwamba platri za Mutoni zinaozesha. Kwamba ng'ombe wa mjane alioza mguu akiwa hai. Huko Nkanka mtu alimchinja mbuzi aliyeteguka tu, kwa kuogopa kumwita. Kila aliyesimulia alimalizia kwa kusema Wenceslas wa bucha aliona kwa macho yake, na Wenceslas mifupa anaijua. Aliisikia sifa hiyo mara tatu kwa siku, na kila mara aliitikia kwa kichwa. Usidhani hakuona haya. Aliona, ila haya yake ilikuwa na adabu, ilikaa chini ya meza pamoja na gunia.

Kulitupa gunia hakuweza. Alijaribu mara mbili. Mbwa alisimama mbele yake, anatikisa mkia, na mkono ukakataa.

Jumapili ya mwisho ya Novemba Emerance hakuwa na mtamba wa kupeleka, lakini siku ilikwisha pangwa, na mtu mwenye heshima huenda kuomba radhi siku ileile aliyoahidi kuleta zawadi. Alikwenda Nkungu na pombe ya ndizi, na kikapu kirefu chenye mfuniko alichokisuka mwenyewe, na Nyirabagenzi kama shahidi, na kaka yake aseme kwa niaba ya familia. Wenceslas alivaa koti. Begani alikuwa na mfuko wake wa visu, na humo ndani, kwa sababu ambayo hakutaka kuijua, alikuwa ametia lile gunia.

Mzee Munyemana aliwapokea kwenye baraza na watu wa nyumba yake wasiopungua kumi na watano. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye macho ya mtu aliyekaa na ng'ombe kuliko alivyokaa na watu. Wenceslas alisimama akasema. Alisema vizuri, Kinyarwanda chake cha kurudi nacho kikichanganyika na Kiswahili kilichomlea. Alisema ng'ombe alikuja, ng'ombe akazaa, mkono wa kupokea ulikuwa safi na wa kurudisha ulikuwa tayari, ila mguu ulioza. Emerance alikuwa amepiga magoti, macho chini.

Munyemana alisikiliza mpaka mwisho. "Sina neno na Emerance," alisema. "Ngombe ni Mungu anatoaka. Nilisikia yote." Kisha akageuka kwa Wenceslas, na sasa sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Tena umekuja siku nzuri, Papa. Juzi ndama wangu alivunjika. Muguu wa mbele, chini, sawa ule wa Gaju. Nilitaka kumuita yule binti wa platri, batu bakanikataza, bakasema Papa Wenceslas wa Kamembe aliona kuoza na macho yake. Nikasema, basi tumungoje. Wewe njo unajua mifupa. Bisu umekuja nabyo?"

Nyuma ya nyumba ndama alilia. Sauti yake ilikuwa ya mnyama mdogo sana.

Wenceslas alitia mkono mfukoni mwa visu. Kila mtu aliuona mkono ukiingia, na kila mtu alingoja kisu. Nyirabagenzi peke yake hakuangalia mkono, alimwangalia usoni, kama alivyomwangalia siku ile chini ya mparachichi.

Alitoa gunia la chumvi. Alilifungua juu ya meza ndogo, kati ya chupa za pombe, akautoa mfupa. Ulikuwa umekauka, mweupe, na fundo lilikuwa limekaa katikati yake bila aibu yoyote.

"Haikuoza," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Ilimbidi aseme tena, na kwa mtu kama yeye, kusema mara mbili jambo la namna hiyo ni kazi.

"Huyu ni Gaju. Muguu yake. Haikuoza hata kidogo. Hapa njo ilivunjikia, na hapa njo ilijiunga. Nilikunja na goti, ikakataa. Mufupa iko muzima, Mzee. Mimi nilikuwa najua yenye kufa tu." Aliugeuza mfupa juu ya meza. "Alisimama na miguu yote ine nikiwa nimeshika kamba. Maman Nyirabagenzi aliniambia. Nilimufukuza."

Munyemana aliuchukua mfupa, akapitisha kidole gumba juu ya fundo, polepole, akaenda akarudi.

"Miaka ngapi uko bucha?"

"Makumi ine."

"Mafundo sawa hii, uliyaonaka?"

"Mingi."

"Ukayafanya nini?"

"Nilitupia imbwa."

Kijana mmoja wa nyumba ile aliguna, mwingine akacheka, kisha baraza zima likacheka, na si kicheko cha furaha. Ni kicheko kilekile alichokuwa akikitoa yeye mwenyewe kwenye bucha kwa miaka yote hiyo, na sasa aliijua ladha yake. Munyemana hakucheka. Alimwambia binti yake, Kamikazi, ampigie Mutoni simu, amwambie aje haraka na amwombe radhi kwa niaba ya nyumba nzima, na asisahau kuomba radhi.

Emerance alikuwa bado amepiga magoti. Alinyoosha mkono, akapewa mfupa. Aliushika kama mtu anayempima mtoto homa.

"Ilibaki siku ngapi?" aliuliza.

"Tisa," alisema Wenceslas.

"Siku tisa."

"Emerance..."

"Nilikushukuru," alisema. Hakupandisha sauti. "Nililia pale Bukavu kwenye kifo ya mama mudogo, na nikakushukuru. Nikasema Mungu akubariki. Na ukaniitikia."

Wenceslas aliondoa gunia mezani, akaliweka chini, kando ya kiatu chake.

Emerance aliinuka. Alifungua kile kikapu chenye mfuniko, akaulaza mfupa ndani yake, akafunika, kisha akamwendea Munyemana na kumkabidhi kwa mikono miwili, kama mtamba anavyokabidhiwa. "Mzee," alisema, "huyu njo nilikuwa nakuletea." Na Munyemana, ambaye hakuna wa kumlaumu kama angekataa, alisimama wima akapokea kwa mikono miwili.

Kisha wote wakaenda nyuma ya nyumba kumwangalia ndama na kumngoja Mutoni, Nyirabagenzi mbele, maana yeye ndiye aliyeulizwa sasa jinsi ya kumlaza mnyama asijiumize. Barazani alibaki Wenceslas na koti lake, na visu vyake vitatu, na mbwa wa nyumba ile aliyekuwa ananusa gunia tupu. Hakuna aliyemwambia aje, wala hakuna aliyemwambia aende.

Mutoni alipofika kwa pikipiki yake, alipita mbele yake na begi mgongoni. Alisimama kidogo.

"Papa," alisema, "nitahitaji muntu wa kushika muguu."

Wenceslas alivua koti, akamfuata.